Nyama nzima hailiwi na mtu mmoja

Mtu aliyekulia Dar es Salaam ukimtajia rosti, picha inayomjia ni ya mchuzi mzito: nyanya zilizokaangwa mpaka zikatoa mafuta, vitunguu, pilipili hoho, ndani yake nyama au maini, pembeni ndizi au wali. Mdogo wangu alikuwa na picha hiyo alipokuja kunitembelea London, nikamwambia Jumapili nitampeleka baa ya mtaani kwetu tukale rosti ya Waingereza. Sahani ilipoletwa aliitazama, akanitazama mimi, akauliza, "Kaka, mbona nyama kavu?" Mbele yake palikuwa na vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe, vyekundu katikati, na viazi vyenye ganda la rangi ya dhahabu. Pembeni karoti, kabichi, na ule mzizi mweupe mtamu unaoitwa parsnip. Juu ya yote lilikaa andazi kubwa lililovimba na kubonyea katikati kama bakuli: ndiyo Yorkshire pudding. Mchuzi ulikuwa kwenye kijagi peke yake, mwepesi, wa kahawia. Nikamwonyesha: jaza bakuli hilo kwanza, kisha mwagia viazi. Alipofika nusu ya sahani hakuwa akiongea tena.

Nimekaa nchi hii miaka 18. Nyama ya Jumapili nimeila kwa majirani, kwa wakwe wa rafiki zangu, na zaidi ya yote kwenye baa. Waingereza wengi watakuambia kwamba ile ya kweli ni ya nyumbani, aliyoipika mama au bibi, na kwamba ya baa ni chakula cha kununua tu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi na kila mara nayakataa. Naamini baa ya mtaa ndiyo mahali panapokifaa chakula hiki kuliko nyumba nyingi za leo, na sababu imo ndani ya nyama yenyewe.

Kinachopikwa ni kipande kizima. Paja la kondoo na mfupa wake, mbavu za ng'ombe kabla hazijatenganishwa, sarara ya kilo 4 au 5, mgongo wa nguruwe na ngozi yake ambayo ikikauka vizuri huvunjika mdomoni kama kaukau. Nyama inaingia tanuri asubuhi, inatoka, inaachwa ipumzike nusu saa ili maji yake yatulie, ndipo inakatwa vipande vyembamba. Ukubwa ndio siri. Kipande cha kilo 5 kinaweza kuungua vizuri nje huku katikati kikibaki chekundu na chenye maji. Cha nusu kilo kinakauka ndani kabla nje hakijapata rangi. Kwa hiyo chakula hiki kinadai watu. Ni kama ndafu: hakuna anayeweka mbuzi mzima motoni ili ale peke yake.

Sasa tazama nyumba za nchi hii. Mwaka 2023 watu milioni 8.4 walikuwa wakiishi peke yao Uingereza, takriban asilimia 30 ya kaya zote. Mmoja wao ni jirani yangu, mzee wa miaka zaidi ya 80, aliyefiwa na mkewe. Aliwahi kuniambia kwamba baada ya msiba alijaribu kuendelea na nyama ya Jumapili nyumbani. Alinunua kipande kidogo kuliko vyote pale bucha, akakipika, akakila siku nne mfululizo, akaacha. Leo saa saba mchana yuko kwenye meza yake karibu na dirisha la baa, na vipande viwili vilivyokatwa kutoka kwenye nyama ambayo watu wengine 20 wanaila wakati huo huo. Anapata nyama ileile iliyopikwa inavyotakiwa kupikwa, kwa sababu sisi wengine tupo.

Ukirudi nyuma kwenye historia, hili la kupikiana halikuanza na baa. Jina la Kiingereza la nyama hii, roast, limetoka enzi za moto wa wazi, nyama imechomekwa kwenye chuma kirefu na inazungushwa mbele ya makaa kwa saa nyingi. Nyumba zenye uwezo zilikuwa na mbwa wa kazi hiyo: wadogo, miguu mifupi, wakikimbia ndani ya gurudumu lililofungwa ukutani ili chuma kizunguke. Mmoja wao, aliyekaushwa na kuhifadhiwa, bado yupo kwenye makumbusho ya Abergavenny huko Wales. Siku hizi hakuna chuma wala makaa. Nyama inaingia kwenye tanuri. Kiswahili kingesema imeokwa, na kuchoma au kubanika kungebaki kwa nyama ya mnadani.

Maskini hawakuwa na moto wa namna hiyo wala tanuri. Katika karne ya 19 familia nyingi za wafanyakazi mijini zilipeleka nyama yao kwa mwoka mikate. Sheria ilimzuia kuoka mikate Jumapili, lakini ilimruhusu kuwaokea watu chakula chao. Mama alipanga viazi kwenye bati, akaweka nyama juu, akalipeleka asubuhi na kulipa senti chache, na familia ikalichukua mchana baada ya ibada. Tanuri moja, mabati ya mtaa mzima. Yorkshire pudding nayo ina kumbukumbu ya uhaba. Ni unga wa ngano, mayai na maziwa, uji mwepesi uliokuwa ukimiminwa kwenye mafuta yanayodondoka kutoka kwenye nyama. Mwaka 1747 ilikuwa tayari imechapwa kwenye kitabu cha mapishi kwa jina hilo la Yorkshire. Familia nyingi ziliila kwanza, na mchuzi, kabla ya nyama kuletwa, ili watoto washibe na nyama kidogo iwatoshe wote.

Nyama ya Jumapili iliyopikwa kila nyumba, mlango umefungwa, ni sura iliyokuja baadaye, na ilihitaji mambo mengi kutokea. Ilihitaji majiko ya gesi kufika kwa watu wa kawaida. Ilihitaji nyama ya bei nafuu, na hiyo iliongezeka kuanzia mwaka 1882, meli iitwayo Dunedin ilipofika London kutoka New Zealand ikiwa imejaa nyama ya kondoo iliyogandishwa. Halafu vita vikaja: mgao wa nyama ulianza mwaka 1940 na haukuisha mpaka Julai 1954, miaka 9 baada ya bunduki kunyamaza. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazee wa leo wanaoisimulia nyama ya nyumbani kwa sauti iliyobadilika, nami nawaelewa. Mtu aliyengoja miaka 14 kuona paja zima mezani ana haki ya kulikumbuka.

Lakini katika masimulizi yao kuna mtu mmoja ambaye hatajwi sana, naye ni aliyekuwa amesimama jikoni.

Sheria za pombe za nchi hii, zilizobanwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kubaki hivyo kwa miongo mingi, ziliipa Jumapili umbo lake. Kwa kizazi kizima na zaidi baa zilifunguliwa saa sita mchana, zikafungwa saa nane, zikafunguliwa tena jioni. Wanaume wengi waliondoka nyumbani saa sita kwenda baa. Wanawake walibaki na tanuri, wakimenya viazi, wakikoroga mchuzi, wakihesabu dakika ili kila kitu kiive kwa pamoja pale mume atakapoingia mlangoni. Aliyerudi ndiye aliyeshika kisu na kukata nyama mbele ya watoto, kama vile yeye ndiye aliyeipika. Baa na nyama ya Jumapili vilikuwa vitu viwili vilivyotazamana, na katikati palikuwa na mwanamke mmoja aliyefanya kazi siku ambayo wote waliiita ya mapumziko. Ndiyo maana mtu akiniambia nyama ya baa haina upendo wa ile ya nyumbani, huwa namwuliza nani alikuwa akiosha mabati.

Swali hilo nina haki ya kuliuliza. Miaka miwili ya kwanza nilipofika hapa niliosha vyombo jikoni mwa baa, na Jumapili ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Mabati ya viazi yaligandiwa na mafuta meusi ambayo hayatoki kwa sabuni peke yake. Unayaloweka, unayakwangua, mikono inachubuka. Hapo ndipo nilipojifunza chakula hiki kinavyotengenezwa. Mifupa ilianza kuchemshwa tangu Ijumaa kwa ajili ya mchuzi. Viazi, vya aina ya Maris Piper vikipatikana, vilichemshwa nusu, vikamwagwa maji, vikatikiswa ndani ya sufuria mpaka kingo zikachanika, kisha vikatupwa kwenye mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini yaliyokwisha kupata moto. Ile michaniko ndiyo inayokuwa ganda. Uji wa Yorkshire pudding uliingia mwishoni, na mlango wa tanuri haukuruhusiwa kufunguliwa mpaka uvimbe. Nyumbani, kwa watu wanne, kazi hiyo yote inamla mtu mmoja asubuhi nzima. Jikoni mwa baa tulikuwa watano kwa sahani zaidi ya 100, na tulilipwa. Haikuwa kazi nyepesi wala malipo makubwa, lakini ilihesabiwa kuwa ni kazi.

Mabadiliko yaliyoiingiza nyama hii ndani ya baa yalikuja kwa pamoja, ndani ya miaka isiyozidi 20. Mwaka 1991 baa iitwayo The Eagle, kwenye barabara ya Farringdon jijini London, ilichukuliwa na watu wawili walioamua kwamba chakula kizuri hakihitaji kitambaa cheupe mezani, na wengi wakawaiga. Mwaka 1995 sheria iliondoa kile kipindi cha lazima cha kufunga Jumapili alasiri katika England na Wales. Kwa mara ya kwanza familia iliweza kukaa baa kuanzia saa sita mchana mpaka jioni bila kuambiwa itoke. Julai 2007 uvutaji wa sigara ndani ya baa ulipigwa marufuku England, na watoto na wajawazito wakapata pa kukaa. Wakati huo huo bia ya dukani ilikuwa imeshuka bei kiasi kwamba mwenye baa hakuweza tena kuishi kwa kuuza bia peke yake. Jiko likawa ndilo linalolipa kodi ya jengo.

Watu wa kwetu wanaofika hapa mara nyingi huniuliza kama wataionea raha sehemu hiyo. Jina kamili la baa kwa Kiingereza, public house, maana yake ni nyumba ya umma, na Jumapili mchana maana hiyo inaonekana. Mbwa amelala chini ya meza. Mtoto mchanga anapokezwa mikono. Wazee wanne wanasoma gazeti moja, kila mmoja kurasa zake. Hakuna anayekuuliza kwa nini unakunywa maji ya limau. Ubao wa chaki ukutani una majina ya nyama za siku hiyo, na kila nyama inapokwisha, jina lake linafutwa. Utaratibu wake ni wa kimya kuliko wetu; nyama choma ya nyumbani huja kwenye sinia moja na mikono inakutana humo, huku kachumbari inapokonywa, ilhali hapa kila mtu ana sahani yake. Lakini nyama ni ile moja, na wote wanajua kwamba atakayechelewa atakuta ubao mtupu.

Kwa Mwislamu hali ni nyingine, na sitaki kuipita haraka. Nyama si halali, pombe iko mezani kwa jirani, na hakuna hoja yangu inayoweza kubadilisha hilo wala sitaki libadilike. Rafiki yangu wa Unguja anayekaa mtaa wa pili amefanya lake: paja la kondoo kutoka bucha ya halali, limepakwa tangawizi, kitunguu saumu na bizari, linaingia tanuri Jumapili asubuhi, na mlango wake unakuwa wazi. Nimewakuta kwake Waingereza ambao baa haijawahi kuwaona. Lile paja nalo linadai watu.

Tatizo linalonikera zaidi ni bei. Kwa London sahani moja sasa inafika pauni 20 na kuendelea, na mama mwenye watoto watatu anayefanya usafi hospitalini hawezi kuila kila wiki, pengine hata kila mwezi. Wenye baa si matajiri waliojificha. Mlo wa moto mezani hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, wakati nyama mbichi na viazi vibichi vya dukani havitozwi kabisa. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliishusha kodi hiyo kwenye chakula cha baa na mikahawa hadi asilimia 5, ikaipandisha hadi 12.5 mwaka uliofuata, kisha Aprili 2022 ikairudisha 20. Juu yake kuna gesi, umeme na mishahara. Na baa nyingi si mali ya anayeziendesha: ni mpangaji wa kampuni kubwa, na mara nyingi mkataba unamlazimisha kununua bia kwa kampuni hiyo hiyo kwa bei inayotaka yenyewe. Mwanzoni mwa karne hii Uingereza ilikuwa na baa takriban 60,000. Leo ni takriban 45,000.

Mimi nasema kodi ya chakula cha baa ishushwe na ibaki chini. Najua hoja ya wanaopinga, kwamba punguzo litaliwa na wenye majengo na sahani itabaki pauni 20. Huenda baadhi watafanya hivyo. Lakini serikali inayotumia fedha kupambana na upweke wa wazee, huku ikitoza asilimia 20 kwenye meza ambayo yule mzee jirani yangu anaikalia Jumapili, inachukua kwa mkono mmoja kile inachokitoa kwa mwingine.

Na yapo yanayoweza kufanyika bila kuingoja serikali. Nunhead, kusini mashariki mwa London, kuna baa iitwayo Ivy House. Ilipofungwa mwaka 2012 ili jengo liuzwe, wakazi waliitumia sheria ya mwaka 2011 inayoruhusu mtaa kuiorodhesha sehemu kama mali yenye thamani kwa jamii. Ilikuwa baa ya kwanza nchini kuorodheshwa hivyo, na mwaka 2013 ikawa yao: zaidi ya watu 300 walinunua hisa. Sheria hiyo haimlazimishi mwenye jengo kuwauzia wakazi. Inachofanya, kwa England, ni kuwapa miezi 6 ya kutafuta fedha kabla hajamuuzia mtu mwingine. Maombi hayahitaji wakili. Yanahitaji watu 21 walioandikishwa kupiga kura katika eneo la halmashauri hiyo au la jirani yake.

Hapa wasomaji wangu walioko Uingereza wanisikilize. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaoishi hapa kihalali wana haki ya kujiandikisha kupiga kura, kwa sababu nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Wengi wetu hatujui hilo, au tunajua na hatujiandikishi kwa kuona kwamba mambo ya mtaa huu ni ya wenyewe.

Mwezi uliopita wapimaji wawili walikuja baa ya mtaani kwetu na kifaa chao chenye miguu mitatu, wakapima uwanja wa nyuma kulipo na mabenchi, wakaondoka bila kusema na mtu. Mkataba wa mwenye baa unaisha mwakani. Jumapili iliyofuata karatasi ilianza kuzunguka meza kwa meza, kati ya vijagi vya mchuzi. Yule mzee jirani yangu aliandika jina lake kwanza kabisa, kwa herufi kubwa. Wapishi wawili walitoka jikoni na aproni zao wakaandika. Mimi nilikuwa wa 14. Ubao ulipofutwa jina la mwisho, nguruwe, karatasi ilikuwa na majina 19, na mwenye baa akaiweka nyuma ya kaunta hadi Jumapili inayokuja. Nimeshampigia rafiki yangu wa Unguja. Amesema atakuja na mke wake saa saba, wasimame mlangoni, waandike.